Dhahabu ya Kilwa mjini Lisbon

Mwaka ule nilipopata likizo ndefu, nilimwomba mama yangu tusafiri pamoja hadi Ureno, na sababu nilimweleza tangu mwanzo: nilitaka tukaione kwa macho yetu dhahabu iliyotoka Kilwa, kwa kuwa yeye amezaliwa Kilwa Kivinje. Wengi wanaokwenda Lisbon kwa mapumziko hubeba orodha ndefu ya minara, makanisa na mikahawa. Sisi tulikuwa na shabaha moja, na mengine yote tuliyapanga kuizunguka.

Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Ureno imo, ilidai subira, maana huombwa pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, uthibitisho wa malazi na taarifa za benki. Jambo lililonishughulisha zaidi lilikuwa magoti ya mama. Lisbon ni mji wa vilima, na kwa ajili hiyo nilitafuta chumba Baixa, eneo tambarare lililojengwa upya kwa barabara zilizonyooka baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755. Anayesafiri na mzazi wa makamo yake na alitazame hilo kabla ya kutazama bei. Njia za waenda kwa miguu zimetandazwa vijiwe vyeupe vilivyolainishwa na nyayo za watu, na mvua ikinyesha huteleza vibaya. Raba za mama, zilizokuwa na soli nzito, zilimsaidia kuliko kitu kingine chochote tulichobeba.

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale hufungwa Jumatatu, kwa hiyo tulikwenda Jumatano asubuhi, kwa teksi, ili mama asifike amechoka. Jumba lenyewe lipo mtaa wa Janelas Verdes, juu ya mto Tagus. Tulipita vyumba kadhaa bila kusimama mpaka tukafika mbele ya kabati la kioo lenye monstransi ya Belém, eneo la Lisbon kando ya mto, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili waumini waiabudu. Kina urefu wa sentimita zipatazo 73. Katikati wamepiga magoti mitume kumi na wawili, wadogo mno, kila mmoja na uso wake, na juu yao ametundikwa njiwa mweupe. Kwenye kitako, katikati ya ndege na maua ya rangi, kuna maandishi yanayozunguka yakisema kwamba mfalme Manuel wa Ureno aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

“Nisomee yote, mwanangu, usiruke.”

Nikamsomea, nikimfasiria taratibu.

“Na jina la mfalme wa Kilwa lipo?”

“Halipo, mama. Lipo la Manuel peke yake.”

“Basi mtaje wewe.”

Nikamtaja pale pale, Amiri Ibrahim, na nikamweleza jinsi Vasco da Gama alivyofika Kilwa mwaka 1502 na merikebu zenye mizinga, akatishia kuuangamiza mji, hadi Ibrahim akakubali kulipa kodi ya dhahabu. Na jinsi mwaka 1505 Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, alivyokuja na kundi kubwa zaidi la merikebu, mji ukaporwa na Ibrahim akaondolewa madarakani. Dhahabu hiyo ilikuwa imesafiri mbali hata kabla ya kuvuka bahari, kwani ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, ikafika mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Sikatai ustadi wa sonara aliyeifua. Kazi yake ni ya hali ya juu kabisa. Ninachokishikilia ni kwamba neno “kodi” halitoshi kueleza mali iliyotolewa chini ya mizinga, na mtoto wa Kitanzania anayesoma habari za magofu ya Kilwa Kisiwani anastahili kuonyeshwa picha ya chombo hiki katika somo hilo hilo.

Mchana tulikula katika mkahawa wa jirani, ambako mhudumu alituletea mkate, zeituni na jibini kabla hatujaagiza chochote. Mgeni ajue kwamba vitu hivyo hulipiwa vikiliwa, na kwamba kuvirudisha si utovu wa adabu. Tulibakisha mkate, tukarudisha vilivyobaki.

Kesho yake tulikuwa tumepanga kupanda tramu namba 15 hadi Belém, tukaone kaburi la Vasco da Gama katika monasteri ya Jerónimos. Jioni ile mama alisema kwamba kaburi linaweza kungoja, ila ile dhahabu hakuwa ameishiba. Kwa kuwa sikuwa nimelipia tiketi za Belém mapema, wala sikuwa nimeijaza ratiba mpaka pomoni, hapakuwa na hasara yoyote kubadili mpango. Tulirudi Janelas Verdes, na safari hii mama ndiye aliyenieleza mimi: alikaa karibu na kioo, akanionyesha mtume mmoja baada ya mwingine, akaniuliza uzito wa dhahabu yote ungekuwa kiasi gani, kisha akanituma kwa mlinzi nikaulize kama tunaruhusiwa kupiga picha ya kitako peke yake, upande wenye jina la Kilwa, awapelekee dada zake Kivinje.