Kanda Iliyoliwa na Deki

Mwaka 1988 nilikuwa na miaka 14, na likizo zote nilikuwa nashinda kibandani kwa ami yangu pale Mwembe Tayari, Mombasa. Ami alikuwa anarekodi kanda. Unamletea orodha ya nyimbo zako, unamwachia pesa, kesho yake unachukua kanda yako. Mimi niliandika majina ya nyimbo kwenye karatasi ya kasha, kwa sababu hati yangu ilikuwa nzuri.

Asubuhi moja akaja baharia mmoja, jirani yetu, meli yao imefunga gati Kilindini jana yake. Akatoa mfukoni kanda ya dukani, jalada bado linang'aa: Akwaba Beach, albamu ya mwimbaji Mory Kanté.

"Sikiza wimbo wa kwanza," alimwambia ami. "Yeke Yeke. Uholanzi huu umeshika namba wani. Kila disko unaloingia ni huu."

Ami hakuamini. Wakati ule sisi tulizoea kungoja nyimbo za Ulaya zije kwetu. Akaitia kanda kwenye deki, ile mashine ya kuchezea na kurekodia kanda. Zikaja tarumbeta, ngoma za mashine, wanawake wakiitikia, na katikati ya makelele yote hayo nyuzi zinadonolewa mbio mbio kama mvua juu ya mabati. Ami akauliza hilo gitaa gani. Baharia akamwambia si gitaa, ni kora: buyu kubwa limekatwa nusu, likawambwa ngozi, nyuzi 21. Na mwimbaji mwenyewe ni mtu wa Guinea, ukoo wa waimbaji toka mababu, anaimba Kimandinka.

Wazungu wanacheza Kimandinka! Ami alirudisha kanda mara nne.

Baharia akatuachia hadi jioni. Ami alipokwenda kuswali adhuhuri, nikaiweka tena nisikilize peke yangu. Sauti ikaanza kuvuta, ikawa nzito, ikakatika. Nilipofungua mlango wa deki, utepe ulikuwa umejizonga kwenye magurudumu kama utumbo wa samaki. Nikavuta. Sikupaswa kuvuta.

Ami alinikuta nalia. Hakunipiga wala hakunitukana. "Lete wembe," akasema. "Na selotepu." Akautoa utepe polepole kwa ncha ya sindano, akaunyoosha juu ya kioo kwa ukucha. Kipande cha urefu wa kidole kilikuwa kimekunjika vibaya, hakifai tena. Akakikata, akazikutanisha ncha mbili, akabandika selotepu upande wa mgongo, akapunguza kingo kwa wembe. Kisha akaingiza kalamu ya Bic kwenye tundu la kanda, akazungusha taratibu huku ameshika pumzi.

Ikalia. Ila palepale wanawake wanapoitikia, wimbo ukaruka. Kama mtu aliyekwaa kidogo kisha akaendelea na safari yake.

Jioni ami alimweleza baharia ukweli. Yule bwana akasikiliza, akasema basi, rekodini tu.

Tulirekodi mpaka kanda tupu zikatuishia. Kwa kuwa zote zilitoka kwenye ile moja, zote ziliruka palepale: matatu ya Likoni iliruka, harusi za Majengo ziliruka, na watoto wa mtaani wakauimba hivyo hivyo na mruko wake. Mwaka uleule Yeke Yeke ikashika namba wani kwenye chati ya pamoja ya Ulaya, ikawa singo ya kwanza ya Mwafrika kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Katika milioni ile, zetu hazimo. Mory Kanté hakupata hata senti yetu, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu sijui mtaa uliompenda kuliko ule wetu.

Nimeusikia wimbo mzima mara nyingi tangu hapo. Mei 2020 redio ikatangaza kwamba amefariki Conakry, akiwa na miaka 70, kisha wakaupiga. Ami naye alikuwa ameshatangulia. Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi. Tarumbeta zikalia, kora ikaingia, na ulipokaribia pale nikajikuta nimeshika pumzi, kama ami na kalamu yake. Wanawake wakaitikia, wimbo ukapita bila kuruka.