Majiko 44 na gunia moja la mkaa

Mwaka jana nilijiaibisha mbele ya wateja. Nilibadilisha unene wa kauri ya majiko yangu ya mkaa, nikawa napima jiko jipya na la zamani na kuingiza namba kwenye kompyuta kila jioni. Siku thamani ya p, yaani nafasi ya kupata tofauti kubwa kiasi kile au zaidi kwa bahati tu kama majiko ni sawa, iliposhuka chini ya 0.05 (asilimia 5) nikafunga daftari na kutangaza jiko linalokula mkaa kidogo. Miezi miwili baadaye nikarudia vipimo kwa ubishi tu. Tofauti haikuonekana.

Rafiki yangu anayefundisha hesabu sekondari alicheka kwanza, ndipo akanieleza makosa yangu. Kipimo kile, alisema, ni cha mtu anayetazama mara moja, idadi aliyoipanga ikishatimia. Ukichungulia mara 5, nafasi ya kutangaza tofauti isiyokuwepo si asilimia 5 tena, ni kama 14. Ukichungulia mara 10, ni kama 19. Asiyechoka kuchungulia atashinda tu siku moja, hata kama majiko ni pacha. Kosa la pili liliniuma zaidi maana lilikuwa wazi kama jua: nilipima jiko lile lile mara kumi nikaliita majiko kumi.

Safari hii swali lilikuwa la pumba. Hapa Ifakara mashine za kukoboa mpunga zinazimwaga hadi zinakuwa vilima. Ukizichanganya kwenye udongo huungua ndani ya tanuru na kuacha vitundu, na hewa iliyomo huzuia joto lisitoroke. Hilo linajulikana. Mimi nilitaka kujua kama kwenye majiko yangu mkaa unapungua kweli.

Nikaandika sheria kabla ya kuwasha hata kiberiti. Kila jiko linapimwa mara moja tu, kisha linakwenda sokoni. Lita 5 za maji zichemke, zitokote dakika 45, sufuria ile ile, mkaa wa gunia moja. Mkaa unaobaki nauzima kwenye debe lenye mfuniko, siumwagii maji, kwa kuwa mkaa uliolowa hudanganya mizani. Zamu naipata kwenye kofia: vikaratasi vinne, viwili vya pumba, viwili vya kauri ya kawaida. Vikiisha vinne naingiza namba na kutazama, bila woga.

Ninachotazama sasa ni uwiano wa Bayes. Huuliza: namba hizi zingetarajiwa mara ngapi zaidi kama wastani wa makundi mawili unatofautiana, kuliko kama ni sawa? Ukifika 10 nasimama na kusema tofauti ipo. Ukishuka hadi 1/10 nasimama na kusema haipo, jambo ambalo ile p haikuwahi kuniruhusu kulisema. Majiko 30 kila upande yakiisha kabla ya hapo, basi sijui, na nitasema sijui. Na kuchungulia? Kama tofauti haipo, nafasi ya uwiano huu kuwahi kugusa 10, hata ukiutazama kila siku ya Mungu, haizidi 1 kati ya 10. Kwa mtu wa hospitali hiyo ni kubwa. Kwa fundi wa majiko inatosha.

Kilichonisumbua ni kueleza mapema tofauti ingekuwa kubwa kiasi gani, kama ipo. Natumia JASP, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na yenyewe huanza na mtawanyo wa Cauchy wenye upana wa 0.707. Kwa lugha ya karakana: nusu ya matarajio yangu naiweka kwenye tofauti ndogo kuliko 0.707 ya mtawanyiko wa kawaida kati ya jiko na jiko, nusu iliyobaki kwenye kubwa zaidi, juu au chini. Juu au chini kwa makusudi, kwani pumba zingeweza kuharibu kauri.

Baada ya majiko 6 kila upande, ya pumba yalikuwa yanakula gramu 46 pungufu. Nikapiga p ya kizamani kwa udadisi: 0.04. Kijana anayenisaidia kukata bati akasema, "Kaka, si tumeshashinda? Mkaa tunauchoma wa nini tena?" Uwiano wa Bayes ulikuwa 2 na kidogo. Nikamwambia achochee.

Kwenye majiko 10 kila upande tofauti ilishakuwa gramu 26 na uwiano umerudi karibu na 1, yaani namba hazisemi lolote. Kijana hakusema neno siku ile. JASP huchora mstari wa uwiano ukipanda na kushuka kila namba inapoongezeka, na wiki hiyo sikupenda kuufungua. Kwenye 16 ulipita 4. Kwenye 22 ukafika 11.6, nikasimama.

Tofauti ya mwisho: gramu 31, kwenye matumizi ya gramu 400 na ushei. Ukweli, kwa asilimia 95, nauweka kati ya 8 na 48. Huenda ni chini ya 31, kwa sababu ukisimama pale namba zinapokupendeza, huwa zimevimba kidogo. Nilijaribu pia upana mwingine badala ya 0.707, uwiano ukacheza kati ya 9 na 12. Mwalimu aliuliza kama sasa nina hakika kwa mara kumi. La, nikamjibu, aliyeanza nusu kwa nusu ndiye anayefika kama asilimia 91, na mimi baada ya aibu ya mwaka jana nilianza chini ya hapo.

Wateja nawaambia "linapunguza mkaa kidogo". Wanachouliza wao ni kama kauri ya pumba itapasuka mapema. Hapo hakuna wastani wa kulinganisha, ni kuhesabu yaliyopasuka na yaliyo mazima, na hesabu yake ni nyingine. Majiko yote 44 nimeyapiga namba kwa rangi chini ya kitako, na kila anayenunua namwachia simu yangu.