Kadi za Chemshabongo Nilizolazimika Kuziandika Upya

Jumamosi moja ya muhula wa pili, katika bwalo la shule moja ya upili hapa Kisumu, nilisoma swali kutoka kwenye kadi niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Kenya ilipata rais wake wa kwanza mwaka gani?" Kengele ililia kabla sijamaliza kutamka neno la mwisho, na binti mmoja wa kidato cha pili, kiganja chake kikiwa bado kimeifunika kengele, akajibu, "Elfu moja mia tisa sitini na nne." Nikageuza kadi. Nyuma yake palikuwa pameandikwa 1963. Nikamwambia amekosa, swali likahamia timu ya pili, timu ya pili ikasema 1963, bwalo zima likapiga makofi, na kikombe kikaenda na timu hiyo kwa tofauti ya alama mbili.

Binti yule hakubishana. Wenzake walipokuwa wakikusanya madaftari yao, alikuja mezani kwangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kama rais alikuwapo mwaka wa 1963, basi Jamhuri ya 1964 ilileta nini?"

Alikuwa sahihi, na la kuniaibisha zaidi ni kwamba mimi ni mwalimu wa historia. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru ikiongozwa na waziri mkuu, Jomo Kenyatta, aliyekuwa ameshika wadhifa huo tangu Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni mwaka uo huo. Mkuu wa dola aliendelea kuwa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa hapa nchini na Gavana Mkuu, Malcolm MacDonald. Kiti cha urais hakikuwapo hadi tarehe 12 Desemba 1964, nchi ilipokuwa jamhuri, Kenyatta akakikalia na Jaramogi Oginga Odinga akawa makamu wake. Hayo yote nilikuwa nikiyafundisha darasani kila mwaka, lakini nilipokaa kuandika kadi niliandika kwa mazoea, kama mtu anayesalimia bila kumtazama anayemsalimia.

Jumatatu nilimpigia simu mwalimu mlezi wa timu ile nikakiri kosa. Kikombe hakikurudi, kwa kuwa waliokipata nao hawakuwa na hatia yoyote. Jioni hiyo niliimwaga mezani mikato yangu yote ya karatasi za manila, kadi mia tatu na ushee zilizofungwa kwa mipira, nikaanza kuzisoma moja moja huku nikijiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza wakati wa kuziandika: je, mwanafunzi anayejua zaidi yangu angenijibu nini hapa?

Zilizonisumbua kidogo kuliko nyingine ni zile zilizokuwa sahihi zilipoandikwa, kisha dunia ikazipita. Kadi moja ilisema kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi wanachama watano. Ilikuwa kweli baada ya Rwanda na Burundi kujiunga mwaka 2007, lakini Sudan Kusini ikaingia mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, kwa hiyo sasa ni nane. Nyingine iliitaja Swaziland, nchi ambayo tangu mwaka 2018 inaitwa Eswatini. Nyingine ilidai mji mkuu wa Burundi ni Bujumbura, ilhali makao makuu ya kisiasa yalipelekwa Gitega mwaka 2019. Iliyonichekesha ni ya Kazakhstan: nilikuwa nimekata jina la Astana nikaandika Nur-Sultan, kwa sababu mji huo ulibadilishwa jina mwaka 2019, kumbe mwaka 2022 jina la Astana likarejeshwa, na kadi yangu ya zamani, laiti nisingeigusa, ingekuwa sahihi tena. Kadi za namna hii dawa yake ni nyepesi. Siku hizi kila moja ina mwaka niliouandika kwenye pembe ya juu, na kabla ya shindano naanza kukagua zile ambazo mwaka wake umesogea mbali.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye maswali yaliyokosa mpaka. Kutoka dirishani mwangu Ziwa Victoria, ambalo wazee wetu huliita Nam Lolwe, linaonekana kama mkanda wa rangi ya bati nyuma ya paa za mji, na sidhani kuna shindano lililowahi kufanyika Kisumu bila swali juu yake. Swali nililolikuta kwenye kadi lilikuwa fupi: "Ni ziwa gani kubwa zaidi duniani?" Jibu nililoandika ni Superior, lile la Amerika Kaskazini, na Victoria likawa la pili. Sasa chukua mwanafunzi makini. Atasema Bahari ya Kaspi ni ziwa, kwa maana imezungukwa na nchi kavu pande zote, na ukubwa wake wa takriban kilomita za mraba 371,000 unayaacha mbali maziwa mengine yote, ingawa maji yake yana chumvi. Kwa hiyo swali lilipaswa kutaja maji baridi. Tukishalitaja hilo, Superior lina kilomita za mraba 82,100 hivi na Victoria 68,800, lakini mwanafunzi mwingine ataniambia kwamba Michigan na Huron yameunganishwa na mlangobahari wenye maji ya kimo kimoja, na kwamba wapo wanaoyahesabu kuwa ziwa moja, nalo likihesabiwa hivyo linalishinda Superior. Hata hapo tumezungumzia eneo tu. Ukiuliza kina na wingi wa maji, ziwa letu linashuka ghafla, maana wastani wa kina chake ni mita 40 tu, wakati Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470. Tanganyika halifiki nusu ya eneo la Victoria, lakini limebeba maji karibu mara saba ya yale yaliyomo Victoria. Darasa langu la kidato cha kwanza lilipolisikia hilo lilikaa kimya kabisa, kisha kijana mmoja akasema kwamba basi Victoria ni sinia na Tanganyika ni mtungi. Sijapata maelezo yaliyo bora kuliko hayo, na nimeyaazima mara nyingi.

Kwa hiyo kadi ile moja imezaa tatu: moja ya eneo la maji baridi barani Afrika, moja ya kina barani Afrika, na moja inayouliza ni nchi ipi kati ya zile tatu zinazolimiliki Ziwa Victoria iliyo na sehemu ndogo zaidi. Jibu la hiyo ya mwisho ni Kenya, yenye asilimia sita tu au karibu yake, na huwaumiza sana watoto wa Kisumu ambao wamekua wakiamini kwamba ziwa ni lao.

Ugonjwa huo huo niliukuta kwenye kadi ya Wangari Maathai. Niliandika kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel, na naamini nusu ya walimu wa Kenya wangeandika vivyo hivyo. Alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, na kwa tuzo hiyo ya amani ni kweli alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Lakini Nadine Gordimer wa Afrika Kusini alikuwa amekwisha kupata ile ya fasihi mwaka 1991. Neno moja, "ya Amani", ndilo linalotenganisha kweli na uongo. Kadi jirani yake ilimtaja Albert Luthuli, mshindi wa tuzo ya amani ya mwaka 1960, kuwa Mwafrika wa kwanza kupata Nobel ya aina yoyote, na hiyo nayo ikanilazimu nimkumbuke Max Theiler, aliyezaliwa Pretoria na kupata tuzo ya tiba mwaka 1951 kwa kazi yake juu ya homa ya manjano akiwa amehamia Marekani. Je, Theiler ni Mwafrika? Hilo ni swali zuri la mdahalo na swali baya sana la chemshabongo, kwa sababu mtunza saa wetu anatoa sekunde kumi.

Nikitaja sekunde, niseme jambo dogo ambalo halipatikani kwenye orodha za maswali zinazozunguka katika simu za walimu. Shindano letu linaendeshwa kwa Kiswahili, na Kiswahili hutamka miaka kwa ukamilifu wake. Mwanafunzi anayesema "elfu moja mia tisa tisini na tisa" ametumia pumzi nzima, na mwanzoni tulikuwa tukiwakata watoto katikati ya jibu sahihi. Sasa kinachohesabiwa ni silabi ya kwanza: ikitoka kabla ya filimbi, jibu linasikilizwa hadi mwisho. Orodha hizo za simu, kwa kweli, nimeziacha. Nyingi zilitungwa kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine, na utamkuta mtoto wa Ahero akikariri marais wa Marekani kwa zamu zao wakati hawezi kutaja mito mitatu inayoingia katika ziwa analovulia samaki. Nzoia, Yala na Nyando zingemtosha, na akiongeza Sondu Miriu nampa alama ya ziada.

Swali ninalolipenda kuliko yote kwenye mafungu yangu lilizaliwa katika usiku ule wa masahihisho. Kadi ya zamani ilikuwa na sentensi moja: "Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka gani?" Jibu ni 1901, na hakuna ubaya wowote ndani yake, ila ni swali la masikio tu, maana aliyesikia anajibu na ambaye hakusikia ananyamaza. Nilipoanza kulichimba nikakumbuka kwamba watu hulicheka jina hilo, wakisema Waingereza waliita Reli ya Uganda njia iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kuishia Kisumu bila kuigusa Uganda. Wanaocheka wanatazama ramani ya leo. Wakati huo Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda ulienea hadi Bonde la Ufa, ukaimeza hata Naivasha, kwa hiyo garimoshi lilikuwa limeingia Uganda kabla halijafika Nakuru. Mkoa huo ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902, miezi michache tu baada ya reli kufika ziwani. Ndipo hadithi ikageuka: reli ilibaki mahali pake na mpaka ukahama. Uganda tunayoijua ilisubiri hadi mwaka 1931 ndipo njia nyingine, iliyochepuka Nakuru, ilipofika Kampala.

Siku hizi nalisoma swali hilo kwa ngazi, nikianza na dokezo gumu na kushuka taratibu, na anayebonyeza kengele mapema hupata alama nyingi zaidi. Reli ilipoufikia mji huu, mji ulikuwa ndani ya Uganda. Waingereza waliuita Port Florence. Uko kwenye Ghuba ya Winam. Mwaka jana timu mbili zenye sifa kubwa zilingoja hadi Winam, huku kijana mmoja kutoka shule ndogo ya kutwa akiwa amekwisha kubonyeza kwenye neno "Uganda", na mkono wake ulikuwa ukitetemeka hata chuma cha kengele kikawa kinagongagonga meza.

Ikweta nayo imenipa swali moja zuri kwa sababu inapita Maseno, kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia, na kila mwanafunzi wa huku amewahi kupita karibu na alama yake. Ukiwauliza kama mstari huo unapita katika nchi kavu ya Guinea ya Ikweta, wote hucheka na kusema ndiyo. La hasha. Sehemu ya bara ya nchi hiyo iko kaskazini ya mstari, kisiwa chake cha Annobón kiko kusini, na ikweta yenyewe inapita baharini katikati. Kisiwa kimoja kidogo cha nchi ya São Tomé na Príncipe ndicho kinachoguswa, halafu Gabon, Kongo mbili, Uganda, Kenya na Somalia. Swali la ni upande gani maji ya karai huzunguka ukivuka mstari huo nimelichana kabisa, kwa kuwa mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutawala maji ya karai. Anayeyazungusha ni yule anayeyamimina mbele ya watalii.

Kadi za miezi inayoizunguka sayari ya Zohali nimeziandika kwa penseli. Mshtarii uliongoza kwa idadi, kisha Zohali ukaupita mwaka 2023, na mwaka 2025 miezi mingine 128 ikatangazwa kwa mkupuo, jumla ikawa 274. Sioni sababu ya kumaliza wino wangu huko.

Binti yule wa 1964 sasa yuko kidato cha nne na hashindani tena, ila nilimwomba awe ananisomea kadi mpya kabla ya shindano, akakubali kwa sharti kwamba nisimpunguzie kazi ya nyumbani wala kumwongezea. Wiki iliyopita alinirudishia fungu la kadi hamsini. Arobaini na tisa zilikuwa na alama ya vema. Ya hamsini ilikuwa ile ya Mto Nile, inayouliza urefu wake kwa kilomita, nami nilikuwa nimeandika 6,650 kwa kujiamini kabisa. Chini yake ameandika kwa mwandiko mdogo: "Mwalimu, tunaanza kupima Jinja yanapotokea maji ziwani, au tunaanza kwenye vijito vya Kagera kule juu?" Kadi hiyo ingali mezani.