Kumbe bodi ya shule ni ngazi!

Jamani juzi nimeenda mkutano wa bodi ya shule hapa San Diego, California, mi nikajua ni kama zile kamati za nyumbani, mnaambiwa mchangie madawati mnatawanyika 😂 Wapi! Huku wajumbe wanapigiwa kura kabisa, na ukishika maiki unahesabiwa muda, ukiisha umeisha.

Dada niliyekaa naye ndo akanipa stori ya Shirley Weber. Familia yao ilikimbia Arkansas maana wazungu walitaka kumuua baba yake, mtoto akakua akawa profesa San Diego State, 1988 akachaguliwa bodi hii hii, akapiga miaka 8. Baadae, 2012, akashinda kiti kwenye bunge la jimbo la California. Na hakwenda kusinzia kule, ile sheria ya 2019 kwamba polisi asiue mpaka pale inapobidi kweli ni yake, kamati ya fidia ya utumwa ya 2020 nayo ni yake. 2021 akawa Katibu wa Jimbo, mweusi wa kwanza, anasimamia uchaguzi California nzima.

Mwanangu kaniuliza, mama na wewe utagombea? Nikamwambia tulia kwanza nipate uraia 😅