Haki ya kutoka, kiungo dhaifu cha utopia ya Nozick

Wengi wanaosoma Anarchy, State, and Utopia cha mwanafalsafa wa Marekani Robert Nozick, kilichotoka mwaka 1974, hukifunga kabla ya kufika sehemu ya tatu, inayohusu utopia, yaani jamii bora ya kufikirika. Wanakosa wazo ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote katika falsafa ya kilibertari, ile inayotanguliza uhuru wa mtu binafsi na kutaka dola iwe ndogo.

Nozick hachori mji mmoja mkamilifu. Watu wanatofautiana mno kwa tabia, imani na matamanio kiasi kwamba hakuna namna moja ya maisha itakayowafaa wote. Anachochora ni kiunzi: dola yenye kazi chache tu, yaani kuzuia mabavu, wizi na ulaghai na kusimamia mikataba, na ndani yake jumuiya nyingi za hiari. Moja inaweza kupiga marufuku pombe, nyingine ikamiliki kila kitu kwa pamoja. Jumuiya inaruhusiwa kuwabana wanachama wake kwa namna ambayo dola hairuhusiwi, mradi waliingia kwa ridhaa na wana njia ya kutoka. Ujamaa ni ruksa. Kumlazimisha asiyeutaka ndiko marufuku.

Robert Owen, mwenye viwanda kutoka Wales, alikwenda kinyume chake. Alinunua kijiji cha New Harmony, Indiana, mwaka 1825, akakipangia maisha ya pamoja, na kufikia 1827 jaribio lilikuwa limevunjika. Katika kiunzi cha Nozick kuvunjika huko kuna faida: watu wanahama, wengine wanajifunza, na zinazodumu ni jumuiya ambazo watu wanaendelea kuzichagua. Mchujo huo una sharti moja, kwamba anayetaka kutoka aweze kutoka kweli. Asipoweza, jumuiya mbovu itaonekana imara kwa sababu tu watu wake wamenasa.

Kesi ya Hofer dhidi ya Hofer, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 1970, inaonyesha jinsi watu wanavyonasa. Wahutteri, Wakristo wanaoishi katika makazi ya pamoja yaitwayo koloni, humiliki mali kwa pamoja, na anayejiunga hana chake. Baadhi ya wanachama wa koloni ya Interlake, Manitoba, walibadili imani, wakafukuzwa, wakadai wagawiwe fungu lao. Walishindwa, kwa kuwa masharti waliyoyakubali yalisema anayeondoka haondoki na kitu. Mlibertari mkali atasema mkataba ni mkataba. Mwanafalsafa wa siasa Chandran Kukathas naye hushikilia kwamba gharama ya kutoka, hata ikiwa kubwa, haimwondolei mtu uhuru wa kutoka. Siafikiani naye. Mtu aliyelima shamba la wote tangu ujana, asiye na akiba wala jamaa nje ya koloni, ana haki ambayo hana nauli ya kuitumia.

Kwa hiyo mkataba wa jumuiya unahitaji kifungu cha kuondoka, na kukiandika kuna mtego wake. Chukua jumuiya ya kaya 20 ambayo karibu mali yake yote ni ardhi. Kaya 5 zikiondoka pamoja na kila moja ikadai fungu lake taslimu, robo ya mali inatakiwa papo hapo na shamba litauzwa. Zaidi ya hapo, kila anayebaki anajua kwamba wa mwisho kutoka atakuta hazina tupu, hivyo hata aliyeridhika anakimbilia mlangoni. Jumuiya nzuri inakufa kwa hofu.

Dawa yake ni kutenganisha malipo mawili. La kwanza ni dogo na hulipwa siku ya kuondoka: pesa ya pango na chakula hadi kazi ipatikane. La pili ni kile mtu alichoingia nacho, kikiwa kimeorodheshwa tangu mwanzo, pamoja na fungu la ongezeko kwa miaka aliyofanya kazi, na hulipwa kwa awamu. Aliyefukuzwa alipwe sawa na aliyejiondokea, la sivyo viongozi watawafukuza watu ili kuokoa pesa. Na mali isikabidhiwe kabla ya kipindi cha majaribio kwisha.

Watoto ni kikwazo kigumu zaidi, kwa sababu wao hawakusaini chochote. Mwaka 1972, katika kesi ya Wisconsin dhidi ya Yoder, wazazi wa Kiamishi, Wakristo wanaojitenga na maisha ya kisasa, waliotozwa faini ya dola 5 kila mmoja kwa kutowapeleka watoto wao sekondari walishinda katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Jaji Douglas alipinga kwa sehemu: watoto wenyewe wasikilizwe. Nozick pia anakiri kwamba lazima watoto wahakikishiwe kuzijua njia nyingine za maisha, lakini hasemi kwa utaratibu gani. Dola yake haina walimu wala wakaguzi. Ikiajiri hata mkaguzi mmoja wa kuwafikia watoto hao, mshahara wake utatoka kwenye kodi ambayo dola hiyo haina ruhusa ya kuitoza.