Jumamosi ya mshonaji mwanagenzi

Saa 11 alfajiri ndiyo saa pekee ambayo meza ya kulia chakula huwa yangu, kwa hiyo huamka kabla ya adhana, nikawasha taa ya jikoni ili nisiwaamshe waliolala sebuleni, nikatandaza kitambaa. Tunaishi Kimara Korogwe, Dar es Salaam, watu sita katika nyumba ya vyumba vitatu, na cherehani yangu ya mguu, niliyoinunua kwa mama mmoja aliyekuwa akihamia Dodoma, imebanwa kati ya kabati la vyombo na dirisha, kiasi kwamba nikishona nguo ndefu hulazimika kuining'iniza nusu nje. Huu ni mwezi wangu wa saba wa kujifunza. Mshono ulionyooka nauweza, na zipu ya kawaida naiweza nisipokuwa na haraka, lakini mkono wa gauni bado unanishinda, na matundu ya vifungo nayapeleka kwa fundi jirani, ambaye huyashona huku akicheka.

Nyuma ya kalenda ya mwaka jana nimechora mipango yangu, nayo ni nguo tatu, zote zimetoka katika filamu za zamani. Ya kwanza ni sketi pana iliyobanwa kiunoni, ya aina aliyoivaa mwigizaji Audrey Hepburn katika filamu ya Roman Holiday ya mwaka 1953, pamoja na blauzi nyeupe iliyokunjwa mikono na mkanda mpana. Mavazi ya filamu hiyo yalibuniwa na Edith Head, na yalimpatia mojawapo ya tuzo zake nane za Oscar. Ya pili ni kamizi, lile vazi refu la Kihindi, ya kubana, aliyoivaa mwigizaji Sadhana katika filamu ya Kihindi ya Waqt ya mwaka 1965, kazi ya mbunifu Bhanu Athaiya, ambaye mwaka 1983 alikuwa Mhindi wa kwanza kupata Oscar, kwa mavazi ya filamu nyingine. Ya tatu ni gauni jeusi lililonyooka lisilo na mikono, nalo sitalizungumzia, maana kwangu mimi hata kuliota bado ni ujeuri. Nimeanza na sketi kwa sababu inahitaji kukaa sawasawa mahali pamoja tu, kiunoni, na kutoka hapo kitambaa huanguka chenyewe; kamizi ile hushikana na mwili kila mahali, na kila mahali ni nafasi ya kukosea.

Kazi ya alfajiri hii ilikuwa kukata jaribio. Siku hizi sithubutu kugusa kitambaa chenyewe kabla ya kujaribu kwa marekani, ile pamba isiyopaushwa ambayo watu wa pwani waliipa jina hilo katika karne ya 19, wakati meli za wafanyabiashara kutoka Massachusetts zilipokuwa zikiileta Zanzibar. Kwamba mtindo wa Hollywood nauanzia kwenye marekani ni jambo lililonichekesha peke yangu jikoni.

Hesabu ya sketi ya mwavuli, yaani sketi pana kama hii inayokatwa kwa duara zima, ni ya darasani. Kiuno changu ni inchi 30. Ukigawanya kwa 6.28, yaani pai mara mbili, unapata nusu kipenyo cha inchi 4 na robo tatu hivi, na hapo ndipo linapochorwa duara la kiuno, kisha unashuka inchi 27 za urefu na inchi 1 ya pindo. Nilifunga chaki kwenye uzi, nikachora nusu duara mbili, nikakata inchi kumi za juu tu ili nisimalize marekani yangu, nikaziunga ubavuni, nikatia mkanda wa majaribio kwa mishono mirefu, nikavaa. Sketi ikateleza hadi nyongani. Nilipopima kwa futi nikakuta inchi 33 na kitu.

Nilikaa juu ya ndoo ya mchele nikarudia hesabu mara tatu kabla ya kulielewa kosa. Mshono unaounganisha sketi na mkanda hula nusu inchi kutoka ukingoni, na kwenye duara, kila unaposhuka nusu inchi, mzunguko huongezeka inchi 3 na ushee. Nilikuwa nimekata ukingo mahali ulipotakiwa kupita mshono. Dawa yake ni kukata kwa nusu kipenyo cha inchi 4 na robo, kisha mshono ushuke mpaka kwenye 4 na robo tatu. Niliiandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa hili ni kosa ambalo sketi iliyonyooka isingenionyesha hata siku moja.

Saa 12 na nusu nilikuwa kwenye basi la mwendokasi kuelekea Posta, nimesimama, kwapa la mtu karibu na sikio langu, nikifikiria upindo. Sketi hii ikikamilika, mzunguko wake wa chini utakaribia inchi 200, yaani zaidi ya yadi 5 na nusu za kitambaa kumzunguka mtu mmoja. Binti yule wa kwenye filamu anapita mitaa ya Roma juu ya pikipiki ya Vespa na upepo unamtendea haki. Mimi nitapanda hapa, katikati ya mabegi, ndoo za dagaa na wanafunzi. Nilipofika Magomeni nilikuwa nimekwisha kukata shauri: urefu ubaki inchi 27, uishie chini kidogo ya goti, wala usifike katikati ya muundi kama nilivyochora mwanzoni. Nguo ya filamu hushonwa kwa ajili ya mkao mmoja na taa moja, na ikikanyagwa kuna mtu wa kuishona upya kabla ya kupiga picha inayofuata. Yangu haina mtu huyo.

Kazini sina mengi ya kusimulia. Ninatunza hesabu katika duka la jumla la vifaa vya ofisi, na Jumamosi tunafunga saa 6 na nusu mchana. Nililinganisha stakabadhi, nikanywa chai, nikalinganisha tena.

Saa 7 mchana nilishuka Kariakoo. Kitambaa nilikwisha kukinunua Jumamosi iliyopita katika Mtaa wa Uhuru, poplini ya buluu iliyokoza yenye madoa madogo meupe, yadi 4, na Jumapili nikakilowanisha na kukianika, kikapungua karibu inchi 4. Afadhali kiniponyoke ndani ya beseni kuliko kiunoni. Nilikuwa nimeshawishika sana kuchukua kitenge, kwa kuwa kulikuwa na kimoja chenye korongo weupe waliokuwa kama wanaruka kweli. Lakini ukikata kitambaa kwa nusu duara, picha huzunguka pamoja na sketi: mbele korongo wangesimama wima, ubavuni wangelala, na mahali pengine wangetazama ardhi kama waliopigwa manati. Madoa hayana juu wala chini. Tena filamu ile ni ya nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hakuna atakayenijia kuniambia nimekosea rangi.

Nilichokuwa nikitafuta leo ni uzi, zipu ya inchi 7, sindano namba 14, yadi moja ya kitambaa cha gundi cha kukazia mkanda, na kitambaa cha neti. Uzi ndio ulionichelewesha. Nilikuwa na kipande cha poplini mfukoni, na muuzaji akaniwekea kaunta buluu saba, zote akiapa kuwa ndiyo yenyewe.

“Dada, hii ndiyo yenyewe kabisa, usihangaike.”

Nilimwomba ruhusa nitoke nazo nje, kwa sababu taa ya dukani huipaka kila buluu uzambarau kidogo, nami nilikwisha kuumizwa na jambo hilo mara moja. Nikasimama ukingoni mwa barabara huku mikokoteni ikinipigia miluzi, nikalaza nyuzi moja moja juu ya kitambaa badala ya kulinganisha rili zima, kwa kuwa uzi mmoja uliolazwa huonekana umepauka zaidi kuliko uliofungwa. Tano zilianguka papo hapo. Kati ya mbili zilizobaki nilichukua iliyokoza kidogo, maana mshono uliokoza hujificha, uliopauka hujitangaza. Muuzaji alinitazama kwa huruma, akanipunguzia bei ya zipu bila hata kuombwa.

Neti sikununua. Nilikuta ya bei nafuu, inayokwaruza kama gunia, nikasema nitamwuliza kwanza Shangazi.

Saa 9 nilikuwa kwake Magomeni. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa, habari za wote, kisha akanitolea ile picha niliyoifuata: yeye studio, akiwa msichana, amesimama kando ya meza yenye maua ya plastiki, sketi yake imefura kama kengele. Shangazi alikuwa mtazamaji mkubwa wa filamu za Kihindi. Anayataja majumba ya sinema ya Avalon na Empire kama watu wanavyotaja shule walizosoma. Anasimulia kwamba fundi wao alikuwa akikata tiketi mwenyewe, akaitazama filamu, na wiki inayofuata akawashonea alichokiona. Hata ilipokuja Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1969 na kupiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana, yeye anasema haikumgusa, kwa kuwa mapenzi yake yalikuwa kwenye upana.

Nikamwuliza ni kitambaa gani kile kilichosimama vile. Akacheka.

“Mwanangu, kitambaa kile ni pamba ya kawaida tu. Kilichosimama si sketi, ni magagulo. Nilivaa mawili.”

Kisha akanieleza, kwa umakini ambao sijawahi kumwona nao hata katika mambo ya harusi, jinsi walivyokuwa wakipika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, wakauchuja kwa kitambaa, wakachovya magagulo ya pamba, wakayaanika yakiwa yametandazwa juu ya kichaka, na kuyapiga pasi ya mkaa yangali na unyevu kidogo. Wanga ukizidi, gagulo hupiga kelele mtu anapotembea. Ukipungua, hunywea kwa jasho kabla hujafika mjini. La juu lilikuwa na marinda mengi kuanzia nyongani, na la chini lilikuwa jepesi, la kulinda miguu isichubuke. Nilikuwa nimekaa miezi saba nikichunguza picha za sketi kutoka nje, nikipima mikunjo na kuhesabu vipande, na muda wote umbo lenyewe lilikuwa ndani, mahali kamera isipofika. Nilifuta neti kwenye orodha. Marekani iliyobaki nyumbani inatosha gagulo moja, na moja litatosha kwa mtu wa kupanda basi.

Saa 11 jioni nilikuwa nimerudi nyumbani, na kwa bahati meza ilikuwa wazi, wengine wakitazama mpira. Nilikunja poplini, nikalaza nusu duara zote mbili na kuongeza nusu inchi kila ubavu, nikapima kiuno mara ya mwisho kwa ile namba nyekundu, nikakata. Mkasi huu haugusi karatasi. Mtoto wa dada yangu aliwahi kuutumia kukatia picha za gazeti, na kwa wiki nzima ulitafuna kitambaa badala ya kukikata. Kabla ya kuinua kipande mezani nilishona mstari mmoja kuzunguka ukingo wa kiuno, kwa kuwa kwenye duara kuna sehemu ambazo nyuzi zimekatwa kwa mshazari, na sehemu hizo huvutika hata kwa uzito wake zenyewe. Ubavu wa kulia ukafungwa kwa mapigo mawili ya pumzi, wa kushoto nikaacha inchi 7 za zipu.

Saa 1 na nusu umeme ukakatika. Cherehani ya mguu haijali, nikawekewa taa ya simu juu ya kabati nikaendelea, lakini kitambaa cha gundi hakishiki bila joto, na fundi jirani hunikumbusha kila mara kwamba mshono usiopigwa pasi ni nusu ya mshono. Mama akanitolea pasi ya mkaa iliyokuwa ikizuia mlango wa stoo usifungwe na upepo. Tuliwasha mkaa, tukapepea, tukaipitisha kwanza juu ya khanga kuukuu ili isiachie majivu, na nakiri kwamba uzito wake ulikandamiza mkanda kuliko pasi yangu ya umeme inavyowahi kufanya. Nyumba nzima ilinuka mkaa na pamba ya moto. Zipu niliitia mara mbili: mara ya kwanza upande mmoja ulipanda juu ya mwingine kwa upana wa punje ya mchele, nikafumua kwa wembe chini ya mwanga wa simu, polepole, pigo kwa pigo, kwa kuwa poplini ikitobolewa haisahau.

Saa 4 usiku niliivaa. Kiuno inchi 30, bila kuteleza. Nilizunguka mara moja katikati ya sebule, Mama akasema, “Kaa chini, utaangusha taa.”

Pindo sijapinda, wala sitalipinda usiku huu. Sketi ya mwavuli inatakiwa ining'inie angalau usiku mmoja na mchana wake, ile mishazari ivutike mpaka ichoke, ndipo mtu apime kutoka sakafuni kwenda juu na kukata panapozidi. Nimeifunga kwenye hanga, nimeitundika msumarini juu ya mlango wa chumba, na kwa mwanga wa simu ninaona tayari upande wa kushoto umeshuka kama upana wa kidole.