Jinsi nilivyozinyamazisha feni za seva ya nyumbani hapa Amu

Feni mbili za milimita 92 zilizokuja na kisanduku cha seva yangu zilikuwa zikizunguka mara 2,700 kwa dakika, mchana na usiku. Mji wa Amu (Lamu) hauna msongamano wa magari wa kuimeza sauti kama hiyo, na nyumba ya mawe haiiachi itoke. Kuta nene za chokaa huirudisha ndani. Nilitaka kimya bila kuziunguza diski nne zilizomo. Kubadilisha feni zenyewe ni kazi ya dakika ishirini. Kuhakikisha kwamba feni za mwendo wa polepole zinatosha katika chumba cha nyuzi 31 kulinichukua wiki mbili.

Kabla ya kushika bisibisi nilipima joto. Kipimajoto cha kawaida nilikiweka kando ya seva, mahali ambapo hewa inayotoka haikifikii, kisha nikasoma joto la kila diski kwa amri `smartctl -A /dev/sda`, inayoonyesha hali ya diski, kwenye mstari wenye namba 194. Diski lazima ziwe kazini wakati huo, kwa hiyo nilizianzishia jaribio refu kwa `smartctl -t long` nikasubiri saa tatu. Chumba nyuzi 31, diski 39, 43, 42 na 40. Namba ya kushika hapo ni 12, yaani tofauti kati ya chumba na diski yenye joto zaidi. Ushauri mwingi unaosambaa hutolewa na watu wa nchi za baridi ambao chumba chao kina nyuzi 22, nao hukuambia usiruhusu diski ipite 35. Wakati wa kaskazi, chumba peke yake kinakaribia hapo, na hakuna feni inayoweza kuifanya diski iwe na baridi kuliko hewa inayoipulizia. Diski nyingi huandikwa kikomo cha nyuzi 60 au 65. Mimi nilijiwekea 48 kwa siku ya joto kali kabisa, maana yake tofauti isizidi 15 chumba kikifika 33.

Katika kununua feni, watu wengi hukosea kipimo. Ukubwa wa feni ni ukingo wa fremu, si umbali kati ya matundu ya skrubu. Feni ya 92 ina matundu yaliyoachana milimita 82.5, ukipima matundu utaagiza ya 80, nayo haitaingia. Ya 80 ina 71.5, na ya 120 ina 105. Pima pia unene: 25 ndio wa kawaida, lakini visanduku vingine vina nafasi ya 15 tu. Nilichagua Noctua NF-A9 PWM mbili, za pini nne, ambazo mwisho wa kasi yake ni mizunguko 2,000. Kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu, beringi, yaani sehemu inayoshika mhimili wa feni, ndiyo ya kuangalia kwanza. Feni za bei nafuu zenye beringi ya bushi hukaukiwa mafuta upesi kwenye joto, zikaanza kukwaruza. Anayesubiri mzigo uvuke kutoka Mokowe, upande wa bara, anaweza kubandua stika ya katikati ya feni ya zamani na kutia tone moja la mafuta ya cherehani. Itatulia kwa wiki kadhaa, si zaidi.

Pini zimepangwa hivi: ya kwanza hasi, ya pili volti 12, ya tatu ya kuhesabu mizunguko, ya nne ya amri ya kasi. Feni ya pini tatu huingia bila taabu kwenye soketi ya pini nne, lakini itazunguka kwa kasi yote mpaka ubadilishe mpangilio wa BIOS, programu ya ubao mama inayoamka kabla ya mfumo, ili kasi ipunguzwe kwa volti. Kwa kisanduku kilichotoka kiwandani kikiwa tayari, usiamini rangi za waya. Vingine vina mpangilio wao. Pima soketi kwa mita ya kupimia volti kabla ya kuchomeka chochote.

Nilizima seva, nikachomoa waya wa stima na wa UPS (betri ya akiba), nikangoja dakika chache. Skrubu nne za kila feni zilikuwa zimekazwa hadi plastiki ya fremu imejipinda, na hapo ndipo sehemu ya mvumo ilipotoka, kwa sababu mtetemo ulikuwa ukipita moja kwa moja kwenye bati. Nilitumia pini za mpira zilizokuja na feni mpya. Unaipitisha kwenye bati, kisha kwenye tundu la feni, unaivuta mkia mpaka shingo yake ipenye na kukaa, halafu unakata mkia. Usivute kwa koleo, mpira hukatika shingoni. Kuhusu mwelekeo, upande wenye mapanga yaliyo wazi ndio unaovuta, na upande wenye miguu minne ya fremu na stika ndio unaotoa. Zangu zinavuta kutoka mbele na kuzipulizia diski.

Nikaziweka kwenye mizunguko 1,000 na kurudia jaribio lile lile. Kimya kilipatikana, maana kila unapopunguza kasi kwa nusu kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Lakini hewa nayo hupungua kwa nusu, na diski ya pili ilifika 49 katika chumba cha 31. Tofauti 18. Wengi wakifika hapa huongeza kasi na kelele inarudi. Mimi nilikata kipande chembamba cha karatasi nyepesi nikakisogeza polepole kuzunguka fremu za feni na diski. Juu ya diski, penye uwazi wa kidole kimoja, karatasi ilipeperuka. Kati ya diski na diski haikutikisika hata kidogo. Hewa hupita penye njia rahisi, na njia rahisi ilikuwa juu ya diski, si katikati yake. Niliziba uwazi ule kwa utepe wa sponji, nikaziba matundu ya waya ya ubavuni, na nafasi ya diski ya tano iliyo tupu nikaifunika kwa kadibodi. Kasi haikubadilika, ila diski ya pili ilishuka hadi 44. Hii ndiyo hatua iliyonipa kimya, kuliko feni zenyewe.

Kasi sikuiachia BIOS, kwani ubao mama wangu hufuata joto la prosesa, na prosesa hutulia wakati diski zinafanya kazi ngumu kabisa. Katika Debian, mfumo wa Linux ninaoutumia, nilipakia moduli `drivetemp` ya kusoma joto la diski, iliyomo katika kernel (kiini cha Linux) tangu 5.6 ya mwaka 2020, pamoja na `nct6775` ya chipu ya ubao inayodhibiti feni, zote mbili nikaziandika kwenye `/etc/modules`. Kisha nikaendesha `pwmconfig`, inayoandaa mpangilio wa `fancontrol`, huduma inayobadilisha kasi ya feni kufuata joto. Programu hii husimamisha feni moja moja ili ijue ipi inatii nini, kwa hiyo usiiendeshe diski zikiwa na kazi. Kila feni nilifungamanisha na diski ya pili: MINTEMP 38 (joto ambapo kasi huanza kupanda), MAXTEMP 48 (joto la kasi yote), MINPWM 70 kati ya 255 (amri ya kasi ya chini kabisa). MINSTART, amri ya kuanzishia feni, nimeiweka 100, kwani feni iliyosimama huhitaji msukumo kuliko inayozunguka. Baada ya kuwasha upya, namba za hwmon, ambazo Linux huvipa vihisi, zinaweza kubadilika na `fancontrol` ikakataa kuanza. Ikitokea, endesha `pwmconfig` tena. Wakati huo feni zangu huendeshwa na BIOS, kwa hiyo kelele ikirudi, hiyo ndiyo dalili.

Ulibaki mvumo mzito usiotoka kwenye feni. Diski za mizunguko 7,200 hutetema mara 120 kwa sekunde, na kidaka cha ukutani nilimoiweka seva kiliukuza mtetemo huo, tena kilizuia hewa moto kutoka nyuma. Niliihamishia juu ya meza, sentimita 20 kutoka ukutani, juu ya vipande vinne vya ndara kuukuu. Mvumo ukatoweka na tofauti ya joto ikashuka kwa nyuzi mbili nyingine.

Feni ya milimita 40 ndani ya pawa saplai sikuigusa. Ndani mle kapasita hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomoa, na feni dhaifu inaweza kuifanya saplai iungue. Inayopiga kelele ibadilishwe nzima.

Mbele ya feni nimebana kitambaa cha chandarua dhidi ya mijusi na chembe za chokaa zinazodondoka kutoka kwenye boriti. Kila mwezi ninakivua na kukifua, na ninapopiga brashi mapanga huyashika kwa kidole yasizunguke. Viunganishi hukaguliwa kusi ikianza. Pini yenye ukungu wa kijani husuguliwa kwa kifutio cha penseli. Feni moja ya akiba imo ndani ya mtungi wa kifuniko pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu.